Uso Usiokaliwa

Kila siku ya Mungu, misa ya kwanza ikiisha, watu walikuja kwa maman Eulalie kuangalia kikwembe.

Waliteremka kutoka kanisani kwa ile njia ya udongo ya Kadutu, mtaa wa mji wa Bukavu, ambayo mvua ikinyesha inageuka sabuni, wakapita mbele ya nyumba ya video ya Jean-Marie, wakakata kona penye bomba la maji, wakapiga hodi. Wengine walileta watoto. Maman Eulalie aliwaacha wangoje kidogo kwenye viti alivyovitengeneza marehemu mume wake, Mugisho, aliyekuwa seremala. Halafu akaingia chumbani, akainua godoro, akarudi na kifurushi cha nailoni, akakifungua polepole kama padri anavyofungua tabernakulo.

Kilikuwa kikwembe, kitambaa cha kitenge cha kijani kilichofifia kidogo kwenye mikunjo. Kila sehemu kulikuwa na uso wa ukubwa wa sahani: miwani, kofia ya ngozi ya chui, na midomo iliyofungwa kama ya mtu anayejua siri yako. Hakuna aliyeuliza ni nani.

"Ni yeye," walisema. "Ni yeye mwenyewe, Maréchal."

Ulikuwa mwaka wa elfu mbili. Mobutu alikuwa amekwisha kufa na kuzikwa katika nchi ya watu. Waliomfukuza walipita Bukavu mwaka wa tisini na sita. Na wengine waliokuja kuwapiga wale waliomfukuza ndio waliokuwa wanatawala mji sasa, na askari wa kigeni nyuma yao. Njia ya Kamituga ilifungwa. Mwalimu hakulipwa, muganga hakulipwa, soko lilifunguliwa na risasi na kufungwa na risasi. Na watu, badala ya kumsahau yule mzee, walimtamani jinsi mgonjwa anavyotamani chakula kilichomtia ugonjwa.

Jean-Marie alikuwa wa kwanza kati yao. Baba yake alichukuliwa usiku mmoja wa mwaka wa sabini na nane kwa neno moja alilolisema penye kasiksi, pombe ya ndizi, na hakikurudi hata kiatu chake. Lakini Jean-Marie, alipoona ualimu haumlishi, alitafuta kaseti za zamani za maandamano na hotuba, akanunua televizyo, akafungua nyumba ya video. Watu walijaa mpaka madirishani. Yule mzee alipotokea kwenye kioo na fimbo yake, walipiga makofi kama vile anawaona.

"Weye Jean-Marie," jirani Georgette alimchokoza, "ule mutu alikula baba yako, na weye unamuonyesha ku video!"

"Basi alikula baba, acha alishe mutoto," Jean-Marie akajibu. "Georgette, mi najua ule mutu alikuwa mubaya kuliko nyinyi wote munavyojua. Lakini mubaya yetu. Hawa ba sasa ni babaya ya nani?"

Watu wakacheka. Maman Eulalie naye akacheka, kikwembe mapajani mwake, vidole vikilainisha kitambaa.

Kulikuwa na sheria moja ya kikwembe kile, na watoto walipenda kuisikia. Uso haukaliwi. Wakati chama kilipogawa vitambaa, mama ambaye fundi wake hakuwa na akili alijikuta uso wa Kiongozi uko matakoni, na akiketi, amemkalia mkubwa wa nchi. Kwa kosa hilo mtu aliweza kulala kwa polisi. Eulalie alijua kukata. Uso mmoja kifuani, mmoja kati ya mabega, mmoja kwenye paja la kushoto pale ambapo kitambaa hakikunjiki. Vipande vingi viliharibika. Lakini hakuna mtu aliyewahi kuona Maman Eulalie amekalia uso.

"Na alikuangalia kweli, maman?" watoto waliuliza.

"Aliniangalia."

Hapo Chancelle, binti yake wa miaka kumi na tisa, aliacha kuchambua maharagi akasogea mlangoni, ingawa hadithi hii aliijua kama Baba Yetu. Eulalie akaanza.

Alikuwa na umri kama wa Chancelle. Ilikuwa mwaka wa sabini na nne, miaka ya animasio, ile ngoma ya kumsifu Kiongozi iliyochezwa kila asubuhi mbele ya kila ofisi na kila shule kabla ya kazi kuanza. Majina ya ubatizo yalikuwa yamekatazwa, kwa hiyo hakuwa Eulalie tena. Aliitwa Cibalonza, citoyenne, yaani mwananchi Cibalonza. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa shamba la kinakina, ile miti ya dawa ya malaria, na mama yake mlimaji asiyevaa viatu. Naye alikuwa amemaliza darasa la sita kwa masista, na mwendo wake ulifanya watu wageuke njiani. Wakubwa wa chama walichagua wasichana sitini katika Kivu nzima. Yeye alikuwa wa tatu kuitwa. Waliwekwa miezi mitatu katika nyumba nzuri kando ya ziwa wajifunze. Nyama kila siku, viatu vyenye visigino, kitanda cha peke yako. Halafu ndege, kutoka Kavumu mpaka Kinshasa! Na uwanja uliojaa watu kama mchanga, na Kiongozi akasimama, akavua miwani, akamwangalia yeye, Cibalonza wa Kadutu, akatabasamu.

"Na weye ulifanya nini, mama?" Chancelle aliuliza kila mara.

"Nilicheka."

Na hapo aliinuka awaonyeshe ile hatua. Hatua tatu kwenda mbele, mabega yakijibu kiuno, halafu ya nne inachelewa kidogo, nusu ya pigo, kama mtu aliyekumbuka kitu njiani, na ndipo unageuka. Hatua ile ya nne aliibuni yeye mwenyewe. Kivu nzima iliifuata. Chancelle aliijua tangu akiwa na miaka sita, na Eulalie alipomtazama anaicheza, miguu mirefu, shingo wima, alisahau magoti yake yanayouma.

Hiyo ilikuwa hadithi. Mtu akiisimulia miaka ishirini na sita, yeye mwenyewe anaanza kukaa ndani yake kama ndani ya nyumba. Kweli yake ni kwamba kule Kinshasa aliona kofia tu, ndogo kama ukucha, katikati ya vichwa vya wasichana wa mbele. Na kweli nyingine ilikuwa chini ya ulimi wake, na pale ilibaki.

Kwamba kila siku ya tano na kila siku ya posho, yaani Ijumaa na Jumamosi, mazoezi yakiisha, wakubwa walikuja kwenye ile nyumba ya kando ya ziwa kusalimia wasanii. Kwamba walikaa kwenye baraza na bia, na msichana aliyeoneshwa kwa kidole alipanda ngazi. Kwamba mmoja wao, aliyevaa viatu vyeupe na kuchekacheka ovyo, alimwonesha Cibalonza. Alirudi kutoka Kinshasa na kikwembe, na redio ndogo, na mimba. Mugisho alikuwa amemposa kabla ya hayo yote. Alimwangalia tumbo, akaenda kutengeneza kitanda cha mtoto, na hakusema neno mpaka anakufa. Mtoto alikuwa Aganze. Aganze alikimbilia magharibi na umati wa mwaka wa tisini na sita, njia ya msituni, na mpaka leo hakuna barua, hakuna mtu aliyesema nilimwona. Kwa hiyo alibaki Chancelle.

Na kitu kimoja zaidi. Siku moja ya miezi ile mitatu, mama yake Eulalie alitembea kwa miguu kutoka Kadutu mpaka ile nyumba na chungu cha maharagi kichwani. Askari akaja kusema: mama yako yuko kwenye mlango mkubwa. Eulalie akachungulia dirishani, akaiona ile miguu isiyo na viatu, yenye udongo mpaka magoti, na wasichana wa Uvira na wa Goma wamesimama nyuma yake. "Mwambieni arudi," alisema. Jambo hilo hakumwambia hata padri.

*

Georgette alipomwoza binti yake, mwezi wa tano, aliomba zawadi moja tu: Chancelle acheze na kikwembe.

"Hapana," Eulalie alisema. "Kitachafuka."

"Weye nawe! Unataka bakuzike nacho? Hii vita imetuondolea kila kitu, hata kucheka. Acha mutoto atukumbushe."

Ukimsifu mwenye majivuno mara mbili, mara ya tatu anakupa ufunguo. Eulalie mwenyewe alimvisha binti yake, akahesabu nyuso: kifuani, mabegani, pajani. Na katika ukumbi wa parokia, ngoma zilipoanza, hata wazee walisimama juu ya mabenchi. Kulikuwa na mama mmoja aliyenyang'anywa shamba wakati wa Maréchal. Yule alilia machozi ya furaha. Jean-Marie alipiga mluzi. Chancelle alichelewesha hatua ya nne mpaka watu wakashika pumzi, halafu akageuka, na ukumbi ukapasuka kwa kelele. Eulalie alisimama ukutani, mikono kifuani, akipokea sifa kama mwenye arusi.

Hakumwona mtu aliyesimama mlangoni na askari wawili. Kila mtu mwingine alimwona na kumpisha. Alikuwa Komanda Raphaël, kijana bado, mtu wa wale watawala wapya, aliyepewa kazi ya kukusanya watu na kuwafanya washangilie.

Siku tatu zilipita. Ya nne, gari lilisimama penye bomba la maji, na chef wa avenyu, mkubwa wa mtaa, akateremka na karatasi. Katika sikukuu yao ya mwezi wa nane, mkubwa wao angekuja uwanjani Kadutu, na wasichana thelathini wangecheza mbele yake. Watalala pamoja, watalishwa, watafundishwa. Watakaofanya vizuri watapelekwa kusoma ng'ambo. Siku ya kwanza ya juma, kesho yake siku ya Mungu, gari litapita asubuhi. Jina la Chancelle lilikuwa juu ya mengine yote.

Chancelle alisoma karatasi mara mbili, akaruka juu, akamkumbatia mama yake shingoni.

"Mama! Kama weye! Njo kama weye!"

Eulalie alisikia mikono ya binti yake shingoni, na macho yake yakabaki kwenye karatasi, kwenye lile neno: watalala.

*

Zilibaki siku tano. Kwanza alimfuata chef wa avenyu nyumbani kwake.

"Futa ile jina, papa. Sema mutoto anagonjwa."

"Maman Eulalie, miye naandika tu. Banasema andika, naandika. Mutu akikosekana, banaandika yangu."

Akaenda kwa Jean-Marie. Alimkuta anapangusa kaseti kwa pamba na manukato. Alimweleza haraka, sauti chini: kule Lwiro, mbele ya Kavumu, yuko kaka yake, anafanya kazi ya bustani kwenye kituo cha utafiti. Kama Jean-Marie angemsindikiza Chancelle kwa miguu mpaka kule, wakaingia kati ya wanawake wa soko wanaorudi Kavumu...

"Bariyeri ya askari iko tatu mbele ya kufika Kavumu," Jean-Marie alisema. "Na juu ya milima iko batu ba porini na bunduki. Mutoto anapita leo, kesho banamukuta bila nguo. Unataka aende kufa njiani juu ya kuogopa kucheza?"

"Si kucheza ninaogopa."

"Sasa nini?"

 Ukuta wa Jean-Marie ulijaa picha za yule mzee zilizokatwa katika magazeti, na miwani yote ilikuwa inamwangalia. Akaokota kaseti moja, akairudisha mahali pake.

"Maman," Jean-Marie alisema kwa upole, kama anavyoongea na mtoto asiyeelewa hesabu, "si weye mwenyewe ulianzia pale? Weye njo ulituambia. Nyama, viatu, ndege. Sisi wote hatujaonaka ndege ndani. Mutoto anapata bahati na mama yake anamuzuiya! Watu batasema unamuonea wivu."

Alirudi nyumbani na njia ilikuwa ndefu. Huyu njo alinisaidia kujenga ile nyumba ya maneno, aliwaza. Kila siku ya Mungu alileta tofali lake. Na tazama, hakuna mlango niliouweka.

Siku ya tano ya juma alivaa libaya, blauzi yake ya misa, akafunga kikwembe ndani ya nailoni yake, akaenda kumwona Komanda. Aliwaza hivi: kama wanataka animasio, mwenye animasio ni mimi. Wanipe wasichana niwafundishe, wamwache huyu mmoja. Kikwembe ni zawadi.

Walimwambia Komanda yuko Muhumba, kwenye nyumba ya mazoezi. Alitembea mpaka Muhumba, kwenye ule ulimi wa ardhi unaoingia ziwani, chini ya miti mikubwa ya wazungu. Askari alimfungulia mlango mkubwa wa chuma, Eulalie akapiga hatua kumi, akasimama.

Ngazi zilikuwa kumi na moja. Hakuhitaji kuzihesabu. Baraza lilikuwa lilelile, sakafu ya vigae vyekundu, na kimoja karibu na nguzo kimepasuka vilevile. Rangi ya kuta ilikuwa imebadilishwa. Bendera pia. Kulikuwa na viti, na meza yenye bia za jana.

"Karibu, maman," Komanda Raphaël alisema, akasimama kwa heshima. "Banasema weye njo maman Cibalonza. Ule mwenyewe."

Eulalie alieleza alichojia. Alisema polepole, kwa Kiswahili cha masista, kwamba yeye atafundisha wote thelathini, bila mshahara, kila siku, mpaka sikukuu. Kwamba binti yake ni mdhaifu wa kifua, na ndiye pekee aliyembakia. Akaweka kikwembe mezani kati ya chupa.

Komanda alikifungua. Na uso wake ukabadilika. Ukawa kama wa watoto wa siku ya Mungu.

"Niliona hii mara moja tu," alisema, "nikiwa mutoto wa shule. Baba yangu alikuwa nayo. Alizichoma zote mwaka wa tisini na sita." Aligusa kofia ya chui kwa kidole kimoja. "Maman, ulimuona kweli? Karibu?"

"Nilimwona."

"Alikuwa murefu? Bale banasema alikuwa murefu sana."

Redio yao ilimwita yule mzee mwizi kila asubuhi na kila jioni. Mji mzima uliisikia. Na huyu hapa, mwenye bastola kiunoni, alichukua fimbo yake ya ukomanda akaishika katikati.

"Aliishikaka namna hii?"

"Juu zaidi," Eulalie alisikia sauti yake ikisema. "Karibu na kichwa cha fimbo. Na haitikisiki. Mkono ndio unapanda, fimbo inafuata."

Komanda alijaribu. Akatembea baraza zima na kurudi. Askari wa mlangoni akacheka; Komanda akamwangalia, akaacha. Alipochoka, alitaka kuketi, na kikwembe kilikuwa kimeteleza kutoka mezani kikaangukia kiti chake. Alikwisha kukunja magoti. Akasimama nusu, akakiinua kwa mikono miwili, akakirudisha mezani, uso juu, ndipo akaketi.

"Haukaliwi," alisema. "Baba alitufundisha."

"Haukaliwi," Eulalie akajibu. Wakatazamana, kama watu wa dini moja waliokutana safarini.

"Sikiliza, maman," Komanda akaanza. "Tumeagiza vitambaa vyetu. Na uso wa mukubwa wetu. Mafundi ba sasa habajui kukata, bataweka uso mahali pa aibu. Weye utaonyesha bale mafundi. Kweli, ni Mungu amekuleta. Lakini mutoto wako, njo yeye atakuwa mbele. Niliona vile anacheza. Unataka nimufiche?"

"Komanda, mimi nilikaa katika nyumba hii."

"Najua! Kila mutu anasema!"

"Nakuomba kama mama yako. Ninajua wakubwa wanakuja hapa kufanya nini siku ya posho."

Maneno yalikuwa yametoka, ya kwanza kwa miaka ishirini na sita, na yalikuwa madogo. Komanda aliangalia chupa mezani, akaangalia ziwa. Hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika.

"Sisi hatuko kama ule mutu," alisema. Halafu akaita askari amsindikize maman mpaka barabarani, na kikwembe kikabaki mezani, kiwe mfano kwa mafundi.

*

Siku ya Mungu watu walikuja kama kawaida. Eulalie aliwaambia kikwembe kiko kwa Komanda, nao wakafurahi zaidi, wakaimba. Walipokwisha kwenda, aliufunga mlango jua likiwa bado juu, akamketisha Chancelle kwenye kiti cha Mugisho.

Alisema yote. Baraza, kidole, ngazi kumi na moja, viatu vyeupe. Alisema Aganze alikuwa mtoto wa nani. Hakulia; alisema kama anayesoma majina ya marehemu kanisani.

Chancelle alisikiliza na kipande cha kitambaa alichokuwa anashona kimekunjwa mkononi. Alipoinua kichwa, macho yake yalikuwa makavu.

"Ulisemaka ulicheka."

"Nilidanganya, mwanangu."

"Siku zote?"

"Siku zote."

"Na leo njo unasema kweli. Leo, sababu miye napata gari." Akasimama. "Mama, kama unaogopa kubaki peke yako, sema unaogopa kubaki peke yako. Lakini usimuingize Aganze. Aganze hayuko hapa, hawezi kujibu. Na papa Mugisho hawezi kujibu."

"Chancelle..."

"Ulikuwa unacheka hata wakati unaonyesha ile hatua. Mi nilikuona. Mutu anaumia, anacheka vile? Miaka yote?"

  Eulalie alijua kulikuwa na kweli ndani ya hilo pia. Alikuwa anacheka. Alipocheza ile hatua alikuwa na furaha, pale pale katika nyumba ile ile, mchana, kabla ya jioni. Utamweleza namna gani mtoto wa miaka kumi na tisa jambo ambalo mwenyewe hulielewi?

"Bananipeleka kusoma," Chancelle alisema taratibu zaidi. "Diplome yangu iko ku ukuta mwaka sasa. Hapa nitafanya nini? Kuuza ndagala ku soko?" Akapiga magoti, akaegemeza kichwa kwenye mapaja ya mama yake. "Nitakuletea redio, mama. Kama yako."

Siku ya kwanza asubuhi, gari lilikuja. Kadutu nzima ilikuwa njiani. Georgette alirusha unga wa muhogo hewani kama kwa bibi arusi. Jean-Marie alikuwa ametoa kikuza sauti chake nje, na wimbo wa animasio ulikuwa unalia mpaka mabati yanatetemeka. Wasichana saba walikuwa wamekwisha kupanda nyuma, wakishikana mikono. Chancelle alipanda wa nane. Alipanda vizuri, mgongo wima, sketi imeshikwa kwa vidole viwili, namna alivyofundishwa.

Eulalie alisema, "Ngoja." Watu walifikiri anataka kumbariki, wakanyamaza. Lakini alibaki ameshika chuma cha gari tu, na dereva alipowasha, mkono uliteleza.

*

Alipika maharagi siku ya nne ya juma lile. Aliyapika na vitunguu na mafuta ya mawese, akayatia katika chungu, akakifunga kwa kitambaa, akakiweka kichwani. Mvua ilikuwa imenyesha. Kwenye mteremko wa kwanza kiatu kimoja kilikatika mkanda. Akavivua vyote viwili akavishika mkononi.

Askari wa mlango mkubwa alikuwa kijana wa kutoka Walungu, Eulalie alimjua kwa lafudhi. Askari alichukua chungu kwa mikono miwili na kumwita mama. Alikaa ndani muda mrefu. Eulalie alisimama akiangalia juu, kwenye dirisha la pili upande wa ziwa, lile alilochungulia yeye zamani, na alijua hapaswi kuangalia pale, lakini aliangalia. Pazia lilisogea. Au upepo.

Askari akarudi na chungu.

"Bamesema nini?"

"Anasema urudi, mama. Anasema usichoke na njia." Aliangalia chini, kwenye miguu yake yenye udongo, akageuza macho haraka. "Maharagi tulikula sisi. Bale ba ndani bana kuku leo. Kunakuja wageni."

"Leo siku gani?"

"Ya ine, mama. Lakini wageni banabakia mpaka posho."

Eulalie alipokea chungu. Kilikuwa kimeoshwa vizuri. Hakwenda. Alikaa juu ya jiwe upande wa pili wa barabara, na askari hakuwa na moyo wa kumfukuza, akajifanya hamwoni.

Ndani, nyuma ya ukuta, mazoezi yalianza tena. Alisikia ngoma, na sauti ya mwanaume ikihesabu kwa Kifaransa, na miguu ya wasichana thelathini kwenye vigae. Moja, mbili, tatu, na ya nne ikaanguka mapema. Walirudia. Ikaanguka mapema tena. Yule anayehesabu hakujua, aliwaharakisha. Hatua ile ilikuwa inakufa pale ndani, na mmoja tu katikati yao aliijua, na hakuna aliyemwuliza.

Walirudia mara ya tatu. Na mikono ya Eulalie, ambayo ilikuwa imelala juu ya chungu kitupu, ikainuka yenyewe. Alijaribu kuizuia. Ilipiga juu ya chungu pigo la kwanza, la pili, la tatu, ikangoja nusu, ikapiga la nne mahali pake.

Ndani, mguu mmoja ulichelewa. Halafu mingine. Halafu yote ikaanguka pamoja naye, sawasawa, na sauti ya mwanaume ikapaza kwa furaha: "Voilà!"

Alikuwa bado anapiga.